UZI: Wikiendi yetu Savannah, Georgia na gari-nyumba. Tairi, dhoruba, na ule upande wa mji ambao wengi wanaupita

Mdigo_wa_Georgia

Wakuu habari za muda. Naishi huku Georgia pembeni ya Atlanta. Wikiendi moja ya mwezi wa nne tulikodi gari-nyumba, huku wenyewe wanaita RV, tukashuka nayo Savannah. Msafara ulikua mimi, mama watoto, wanangu na mama mkwe ambae alikua ametoka Tanga kuja kutusalimia.

Naandika kwa sababu watu wetu wengi wanaoenda Savannah wanapiga picha kwenye ile miti, wanapiga picha kwenye fauntini ya Forsyth Park, wanakula, wanarudi, ukiwauliza wanakwambia mji mzuri umetulia. Mzuri kweli sikatai, mi mwenyewe nimeupenda sana. Lakini ukiishia hapo umeona nusu, na ile nusu uliyoiacha ndo inayotuhusu sisi watu weusi. Alafu kuna mambo ya RV yenyewe ambayo nikiyaandika yatamsaidia mtu anaetaka kusafiri na wazee au watoto wadogo.

Kwanini RV? Magoti ya mama mkwe. Toka Atlanta mpaka Savannah ni kama maili 250, unashika I-75 mpaka Macon alafu unaingia I-16 moja kwa moja mpaka Savannah. Gari dogo ni masaa manne, ila mama hawezi kukaa kitako masaa manne bila kujinyoosha. Na RV tukisimama anapanda kitandani dakika ishirini, choo kipo humohumo, chai inachemka, anaswali kwa nafasi yake, tunaendelea. Gari ikitembea lakini kila mtu anakaa na anafunga mkanda, hilo halina mjadala hata kama kitanda kinakuita.

Naja na siku ya kwanza.

chuma cha pua

Nimekaa kwenye kiti cha mbele kabisa mkuu. Shusha.

Dada wa Likoni

Uzi kama huu ndio natafuta, mimi niko Texas na mamangu anakuja mwezi wa nane. Endelea tafadhali, na usiruke mambo ya choo, watu huwa hawasemi.

Mdigo_wa_Georgia

IJUMAA

Gari tuliyochukua ni ile saizi ya kati, yenye kichwa kama cha Kirikuu kikubwa na kitanda kimekaa juu ya dereva. Kwa saizi ile leseni yako ya kawaida inatosha. Kitu cha kwanza mama watoto alifanya akaandika urefu wa gari kwenye karatasi akaibandika mbele ya usukani, futi na inchi, maana kwenye madaraja ya chini na vituo vya mafuta vya zamani huna muda wa kukumbuka. Mafuta jiandae, inakunywa galoni moja kwa maili 8 mpaka 10, ukikanyaga inakunywa zaidi.

I-75 ilikua foleni tupu mpaka tumetoka mji. Baada ya Macon ukiingia I-16 hali inabadilika kabisa, barabara imenyooka, misonobari kulia misonobari kushoto, mji mmoja mpaka mwingine ni mbali na vituo vya mafuta ni vya kuhesabu. Mtu yeyote anaekwenda njia ile ajaze tenki Macon au Dublin.

Sasa tumeipita Dublin, jua linaelekea kuzama, nikasikia mlio kama mtu kapiga bati kwa nyundo, alafu gari ikaanza kutetema upande wa kulia nyuma. Nikawasha taa za hatari nikaivuta taratibu pembeni. Tairi la ndani, yale ya mapacha, limepasuka na vipande vyake vimechana bomba la maji machafu kidogo na kipande cha bodi kwa chini. Nikapiga simu kule tulikokodi, wakasema fundi anakuja, lisaa likapita, lingine likapita, kila nikipiga naambiwa yuko njiani.

Aliyetusaidia ni dereva wa lori, mzee mweusi wa makamo ya baba yangu. Alisimama mwenyewe bila kuitwa. Kitu cha kwanza hakuangalia tairi, aliniuliza kuna nani humo ndani, nikamwambia bibi na watoto, akasema watoe wakae mbali na barabara nyuma ya uzio wa bati kule kwenye majani, lori zinapita hapa kwa kasi. Akaweka zile pembetatu zake za kuakisi mwanga nyuma yetu, tatu, kwa kupishana umbali. Alafu akapiga simu kwa fundi anaemjua kwenye mji wa Metter, jamaa akaja na tairi ndani ya muda mfupi. Mama alitoa maandazi aliyopika asubuhi akamfungia kwenye foil, mzee akala moja palepale amesimama akauliza kuna nini ndani, mama kwa Kiingereza chake akasema "coconut, cardamom", mzee akachukua mengine mawili. Hela alikataa.

Tumefika kambini Skidaway Island State Park usiku mnene. Ni hifadhi ya jimbo iko kwenye kisiwa nje kidogo ya mji, miti ya mwaloni mikubwa imetanda juu kama paa. Kurudisha RV nyuma gizani katikati ya miti ile sio kazi ya mtu mmoja. Majirani waliokua wamelala walitoka na matochi bila kuombwa, mzee mmoja mzungu amesimama kushoto, mke wake kulia, mama mkwe nae kashika simu yake anamulika matawi ya juu anaita "baba simama! simama! tawi!" na kweli tawi lilikua kama shibri moja toka kwenye kiyoyozi cha juu. Tukachomeka umeme wa ampia 30, tukaunga mpira wa maji, tukalala.

Ya Lubumbashi

Mimi niko Clarkston hapa hapa Georgia. Kile kipande cha I-16 nakijua bien, niliendaka kule na kazi. Ule mzee Mungu amubariki. Wa camion ndio banajua barabara.

chuma cha pua

Mkuu hilo bomba la maji machafu lililochanwa ilikuaje? Unaendeleaje na wikiendi bomba limechanika

Mdigo_wa_Georgia

@chuma cha pua lilichanika mwishoni tu karibu na mdomo wa kumwagia, fundi akalibana kwa kipande cha mpira na klipu mbili, likashika.

Na @Dada wa Likoni uliomba choo, nikuelezee hapahapa. Gari ina matenki matatu, la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Yale mawili ya uchafu yana koki zake pembeni chini. Usiache koki ya choo wazi eti kwa sababu umeunganishwa na shimo, maji yataondoka na mzigo mzito utabaki mkavu ndani hapo utajuta. Acha imefungwa mpaka tenki likaribie kujaa, vaa glavu, unga bomba, fungua ya choo kwanza mpaka iishe, funga, ndo ufungue ya maji ya kuogea ili yasafishe bomba. Karatasi ya choo nunua ile inayoyeyuka haraka. Na sisi tunaotumia maji kutawadha ni faida kubwa maana tenki linapenda maji, ila kumbuka la maji safi nalo linaisha.

Dada wa Likoni

Asante sana kwa kweli. Nimenakili yote.

Mdigo_wa_Georgia

JUMAMOSI

Asubuhi nikatoka nje na chai, nikaelewa kwanini watu wanapaona Savannah kama ndoto. Kwenye kila tawi la mwaloni kunaning'inia manyoya ya kijivu, marefu kama ndevu. Wengi wanadhani ni kuvu au mmea unaonyonya mti, si kweli, ule mmea ni ukoo mmoja na nanasi, unakunywa unyevu wa hewani na mvua, mti unaushika tu. Mama aliposikia nanasi aliuangalia kwa muda mrefu sana. Na hapohapo visubi wakatukaribisha. Mwezi wa nne ni wakati wao, wadogo huwaoni ila kung'ata wanang'ata kweli, bebeni mafuta ya kujipaka na nguo za mikono mirefu.

Mjini usiende kuzunguka na RV kwenye ile mitaa ya zamani, matawi yako chini na kona ni finyu. Sisi tuliipaki kwenye uwanja wa kituo cha wageni pale barabara ya Martin Luther King, jengo la matofali lililokua stesheni ya reli zamani, pana nafasi za mabasi na RV. Hapo unapanda basi dogo la bure linazunguka katikati ya mji. Kwa mtu mwenye mzee huo ndo mpango, sio kutembea kwa miguu mji mzima.

Mji wenyewe ulianzishwa 1733 na Muingereza anaitwa James Oglethorpe. Aliupanga kwa viwanja, yani kila mtaa una bustani yake ya mraba katikati na nyumba zimeizunguka, vilifika 24 na mpaka leo vipo 22. Kingine ambacho wengi hawakijui, Georgia ilipoanza utumwa ulikua umekatazwa, sheria ya 1735. Haikudumu, 1751 wakaufungulia, maana wenye mashamba ng'ambo ya mto kule Carolina walikua wanatajirika kwa mpunga na hawa wakataka na wao. Mpunga wakuu. Kilimo cha majaruba ya maji, na walichukua watu wa Afrika Magharibi ambao walikua wanakijua kilimo hicho toka kwao.

Tulianzia Franklin Square. Pale kuna sanamu za askari weusi wa Haiti, wanajeshi huru waliokuja na Wafaransa kupigana na Waingereza hapa Savannah 1779. Kuna mmoja mdogo anapiga ngoma, ukisoma utaambiwa ni Henri Christophe, ambae baadae akawa mfalme Haiti. Mwanangu wa kiume alisimama mbele ya yule mpiga ngoma wanalingana urefu.

Alafu vuka barabara, unaingia First African Baptist Church. Hapa ndo nataka mnisikilize vizuri.

Waumini wa kanisa hili historia yao inaanzia miaka ya 1770. Jengo la matofali lililopo sasa lilikamilika 1859 na lilijengwa na watumwa wenyewe. Wanaokutembeza wanasema walikua wanakuja usiku baada ya kazi za mchana, wanawake wanabeba matofali kwenye aproni zao. Ukishuka ukumbi wa chini sakafu ni ya mbao, na kwenye mbao kuna matundu. Sio matundu ya kuoza, yametobolewa kwa mpangilio, yanatengeneza kama almasi yenye msalaba katikati. Ni alama ya watu wa Kongo, inaonyesha mzunguko wa maisha, kuzaliwa, utu uzima, kufa, na kurudi. Na masimulizi ya kanisa yanasema chini ya sakafu ile kuna nafasi ya kama futi nne, watumwa waliokua wanatoroka walikua wanajificha humo, na yale matundu ndo yalikua yanawapa hewa. Mgeni mzungu akiuliza anaambiwa ni urembo wa Kiafrika.

Nilichuchumaa nikaweka kidole kwenye tundu moja. Kingo zake zimelainika. Kidole changu cha shahada kinaingia kasoro kidogo. Mama aliuliza, "walikua wanakaa humo na watoto?" Yule dada anaetutembeza akasema ndiyo. Mama akakaa kwenye benchi hakusema kitu mpaka tunatoka.

Kaskazini Moja

Mkuu samahani kidogo, sio kwa ubaya. Mtu amelipa hela amekodi gari, bibi katoka Tanga kuja kupumzika, watoto wadogo, wewe unawapeleka kuangalia habari za utumwa. Wikiendi ni ya kufurahi. Hizo habari watazisoma shuleni.

Ya Lubumbashi

Kaskazini, ile alama ni ya bakongo. Sisi tukiiona tunaijua. Watoto yangu banazaliwa huku, nani atabaonyesha kama si mimi?

Mdigo_wa_Georgia

@Kaskazini Moja nimekuelewa na sijakasirika, mama watoto nae aliniuliza swali hilohilo kabla hatujaondoka nyumbani. Jibu langu ni hili. Watoto wangu watakulia nchi hii. Shuleni watasoma ukurasa mmoja, na ule ukurasa utawaonyesha watu weusi wamefungwa minyororo tu basi. Pale kanisani wameona watu waliojenga. Tofali kwa tofali wakiwa bado mali ya mtu. Binti yangu alihesabu matundu yote yaliyo karibu yake, usiku akachora ile almasi kwenye daftari, akaandika majina ya familia nzima kuizunguka. Hakuogopa. Na furaha tulifurahi pia, ngoja niendelee uone.

Mchana tukashuka River Street. Shuka na ngazi kwa uangalifu, ni mawe yaliyochongeka vibaya, hata barabara yenyewe ni mawe yaliyokuja na meli za zamani kama uzito wa kuzituliza baharini. Mama tulimpitisha kwenye lifti pembeni ya ukumbi wa jiji, ipo na ni bure, waulizeni. Pale chini ndo burudani ya watoto, maana bandari ya Savannah iko juu ya mto na meli za makontena zinapita palepale mbele yako, unakula aiskrimu na mlima wa makontena unapita unaziba jua. Kuna kivuko pia cha bure cha kwenda ng'ambo na kurudi, watoto walitaka kukipanda mpaka jioni.

Chakula tulichukua wali mwekundu na kamba. Wali unapikwa na nyanya, kitunguu, pilipili hoho, wenyewe wanaweka na nyama ya nguruwe kwa hiyo ulizeni kwanza kama mnakula halali, tulipata sehemu wanaoupika bila. Mama alionja akasema huu wali umepikwa na mtu anaejua wali. Kwake yeye hiyo ni sifa kubwa sana. Alafu kuna karanga za kuchemsha na maganda yake, zinauzwa barabarani kabisa, mama alinunua mfuko akala kama yuko stendi ya Muheza.

Jioni tulipita Madison Square kwenye nyumba inaitwa Green-Meldrim. Jenerali Sherman wa jeshi la kaskazini, kwenye ile vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, alipoingia mji huu Desemba 1864 hakuuchoma kama alivyofanya Atlanta, alimtumia rais Lincoln telegramu akimpa Savannah kama zawadi ya Krismasi, na akakaa kwenye nyumba hii. Tarehe 12 Januari 1865 humo ndani walikaa wachungaji weusi 20 na Sherman pamoja na waziri wa vita Stanton. Msemaji wao alikua Garrison Frazier, mzee wa miaka 67, aliyejinunua yeye na mke wake 1857 kwa dola 1,000 za dhahabu na fedha. Wakaulizwa mnataka nini. Frazier akajibu ardhi, tuilime kwa nguvu zetu wenyewe. Siku nne baadae ikatoka ile amri ya ekari 40 kwa familia za watu weusi walioachiwa huru, ukanda wote wa pwani toka Charleston kushuka mpaka mto St. Johns kule Florida. Watu wakaanza kulima. Kabla mwaka haujaisha Lincoln ameshauliwa, rais mpya Andrew Johnson akairudisha ardhi kwa wenye watumwa wa zamani. Ukisikia mmarekani mweusi anataja ekari 40 ujue ilianzia kwenye sebule ile.

chuma cha pua

Duh. Hii ya ekari 40 nilikua naisikia kwenye miziki tu sikujua ni mahali panapoonekana kwa macho.

Dada wa Likoni

Huyo mzee Frazier aliombwa aseme anachotaka akasema shamba. Si pesa, si kulipiza. Shamba.

Mdigo_wa_Georgia

USIKU WA JUMAMOSI

Tumerudi kambini tumechoka, tumekula, watoto wamelala. Kwenye saa tano simu zote zikalia kwa pamoja ule mlio mbaya wa tahadhari, kimbunga cha nchi kavu kinaweza kutokea eneo letu, ingieni ndani ya jengo. RV sio jengo. Hilo mlishike, upepo mkali unaipindua kama boksi. Mlinzi wa hifadhi akapita na gari anatangaza kwa spika wote waende kwenye jengo la mabafu, ni la tofali.

Mvua ilikua ya kumwagwa. Nimembeba mdogo, mama watoto kamshika mama mkono, mkubwa kabeba tochi na mkoba wa dawa za bibi yake, hilo alilikumbuka mwenyewe. Kufika mle ndani watu kibao na nguo za kulalia, taa zikazimika. Wale wazee wawili waliotumulikia tochi ijumaa walikuwepo na mbwa wao mkubwa ametota. Mama na mbwa haziivi, ana udhu wake na anaogopa. Yule mama wa kizungu aliona tu mama kajikunja kwenye khanga, hakuuliza, akamvuta mbwa mpaka mwisho kule kwenye mabomba ya kuogea akakaa nae sakafuni kwenye maji. Mama akasoma uradi kwa sauti ya chini, na mle ndani watu wakanyamaza mpaka watoto, tukasikia matawi yanakatika nje. Alipomaliza mwanamke mmoja mweusi upande wa mlango akasema Amina kwa nguvu, na wengine wakafuata.

Kimbunga chenyewe hakikutua kwetu. Tawi kubwa lilianguka kwenye njia, na gari yetu ilivuja maji kwenye dirisha la juu, godoro la mbele likalowa. Asubuhi wanaume wa kambi nzima tulitoka kukata lile tawi na kulivuta, mama akachemsha sufuria kubwa ya chai ya tangawizi kwenye jiko la gesi, kila aliyepita alipewa kikombe. Yule mama wa mbwa alikunywa viwili, akaja akaandika mapishi.

Ya Lubumbashi

Bwana asifiwe mulitoka bazima.

Kaskazini Moja

Pole sana mkuu. Hapo kwenye kusema RV sio jengo umefanya vizuri kusisitiza, watu hawajui.

Mdigo_wa_Georgia

JUMAPILI

Mpango ulikua twende Tybee kisiwani kuona bahari na mnara wa taa. Ila barabara ni moja tu, US 80, inapita kwenye mabwawa ya chumvi na maji yakijaa sana yanapanda juu ya lami. Baada ya mvua ile na bamvua tukaambiwa barabara ina maji. Anaetaka kwenda aangalie ratiba ya maji kupwa na kujaa kama sisi wa pwani tunavyofanya, na njiani apitie Fort Pulaski, ngome ya kuta nene ambayo watu walidhani haiwezekani kuvunjwa mpaka mizinga mipya ya 1862 ilipoitoboa kwa muda wa kama masaa 30. Na Tybee yenyewe ijueni, 1960 vijana weusi wa Savannah walikamatwa pale kwa sababu walienda kuoga baharini, ufukwe ulikua wa wazungu.

Tukageuza. Nikamwambia mama watoto twende sehemu moja ya mwisho, magharibi ya mji. Hakuna watalii kule. Ni mtaa wa watu wa kawaida, nyumba ndogo, na kwenye kona kuna kipande cha majani na bango la historia. Maeneo yale ndo palikua na uwanja wa mbio za farasi wa Ten Broeck. Tarehe 2 na 3 Machi 1859 waliletwa pale watu 436 wa mashamba ya Pierce Butler, wa mpunga na wa pamba, wakakaa kwenye mabanda ya farasi wanunuzi wanawakagua meno na misuli. Butler alikua na madeni, ya kamari na ya hisa. Mnada ulimpatia zaidi ya dola 300,000. Mvua ilinyesha siku zote mbili na ilikoma mwishoni, waliouzwa wakauita mnada ule wakati wa machozi. Mwandishi wa gazeti la New York aliyejifanya mnunuzi aliandika kwamba mwisho Butler alipita kwa wale aliowauza akawapa kila mmoja dola moja, kwa sarafu mpya za senti 25.

Sasa angalieni mwaka. 1859. Kanisa nililowaelezea lilikamilika 1859. Mji mmoja, mwaka mmoja, huku watu wanapigwa mnada kwenye mabanda ya farasi na kule watumwa wenzao wanamalizia kanisa lao. Nilikua nimesoma hivi vitu viwili kila kimoja kivyake, mpaka nimesimama pale kwenye bango ndo vikakutana kichwani. Ndo maana nasema usiende kimoja ukaacha kingine. Ukienda kanisani tu utaona ushindi bila kujua walikua wanashinda nini. Ukienda kwenye bango tu utarudi umevunjika moyo.

Mama aliniambia nimsomee majina. Nikamwambia kwenye bango hayapo. Akasema basi tuwasomee fatiha bila majina, wengine wanaweza wakawa walikua wetu, tukasoma tumesimama pale, gari iko pembeni inanguruma.

Dada wa Likoni

Nimesoma hii nikiwa kazini nimelazimika kutoka nje kidogo.

chuma cha pua

Mkuu kuna la kuongeza? Nataka nifanye kitu kama hiki na familia. Booking inakuaje na kanisa linafunguliwa siku gani

Mdigo_wa_Georgia

@chuma cha pua hifadhi za jimbo la Georgia wanaruhusu kubook mpaka miezi 13 kabla, na wikiendi za mwezi wa tatu na wa nne zinajaa mapema sana, usisubiri. Kanisa utembezaji wake una siku zake, jumapili ni ibada, piga simu kwanza uhakikishe siku na saa. Viwanja vya mjini ni bure, na usikose kile cha Susie King Taylor, zamani kilikua na jina la Calhoun mtetezi mkubwa wa utumwa, baraza la jiji likakibadilisha 2023. Susie alizaliwa mtumwa 1848, alisoma kwenye shule ya siri hapohapo Savannah, akaja kua muuguzi na mwalimu wa askari weusi wakati wa vita.

Kuhusu gari, kabla hujaondoka nayo piga picha matairi yote hadi yale ya ndani, soma tarehe ya kutengenezwa ubavuni, namba nne, mbili za kwanza wiki na mbili za mwisho mwaka. Sisi kule tulikokodi walitaka kutukata hela ya bodi iliyochanika, picha ndo zilitusaidia kuonyesha tairi lilikua limeshazeeka. Wakatuachia.

Kaskazini Moja

Mdigo, nimesoma mpaka mwisho. Narudisha kauli yangu. Mwezi wa kumi tuna mapumziko, mimi niko North Carolina. Hiyo Skidaway kwa mwenye tenti tu bila RV inafaa?

Mdigo_wa_Georgia

@Kaskazini Moja inafaa kabisa, tenti zipo nyingi na mabafu ni masafi, na mwezi wa kumi joto limepungua. Ila ndo msimu wa vimbunga vya bahari haujaisha, angalia hali ya hewa wiki nzima kabla. Nitumie ujumbe inbox nikwambie saiti gani ziko karibu na jengo la tofali.